Watoto Niliowaficha Siku ya Mzani

Mwanangu, siku ile naikumbuka kama ya jana, na hata sasa nikiisimulia siwezi kukaa kitako. Uliponiambia kwamba Jumatano wageni wa serikali wanakuja shuleni unakofundisha kuamua kama uji wa watoto uendelee au ukome, na kwamba umeshachagua watoto wenye mashavu wakae mbele, nilicheka. Usikasirike. Nilijicheka mwenyewe, maana kosa hilo nililifanya kabla hujazaliwa.

Ilikuwa miaka ile soko huria linaingia. Sangara wazuri wote walipakiwa kwenye malori kwenda viwandani Nyakato, sisi tukarudishiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Kijijini kwetu, ufukweni upande wa Misungwi, serikali ilikuwa ikileta unga wa lishe kwa watoto wadogo. Bibi Nshoma aliupika. Mimi, mhudumu wa afya wa kijiji, binti mwenye maringo yake, niliwapima watoto kila mwezi. Mzani ulining'inia kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, na kadi zilikuwa na rangi tatu: kijani kwa mwenye afya, kijivu kwa anayeyumba, nyekundu kwa aliye hatarini.

Basi ikaja barua kwamba afisa lishe wa wilaya atakuja kutazama kama tuongezewe unga kwa mwaka mwingine. Unajua sisi na wageni. Mgeni akija, ua unafagiliwa, kuku anachinjwa, na kilichochakaa kinasukumwa chumba cha ndani. Nami nikafanya hivyo hivyo, ila nilichokisukuma ndani ni watoto. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia mama wa watoto wa kadi nyekundu wasije kesho yake. Kabula, jirani yangu, alimlaza mwanawe Limi begani, akafunga mlango.

Asubuhi walikuja wanene, wamepakwa mafuta hadi magotini. Afisa akapima, kijani, akapima tena, kijani. Mzee wa watu alikuwa mpole, alinipa mkono mbele ya kijiji kizima, nikajiona nimefika. Halafu akasema, "Hongereni, kijiji hiki kimepona. Nitaandika unga wenu upelekwe kwenye shida zaidi." Mimi nilikuwa bado natabasamu, mwanangu. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Afisa alipopelekwa kwa mwenyekiti kula sato, Bibi Nshoma alikuja kwangu na mwiko wake mkononi, unga bado umeugandia.

"Umewaficha wenye njaa ili wewe upongezwe," alisema. "Limi nimpikie nini kesho? Makofi yako?"

Hakupaza sauti. Heri angenichapa kwa ule mwiko, ingeuma kidogo kuliko vile.

Nikakimbia! Viatu niliviacha pale pale. Nyumba ya kwanza walinifukuza, ya pili wakanisikiliza, na kwa Kabula nikapiga magoti mlangoni. Aliniuliza kama mwanawe alikuwa aibu jana, leo amekuwa nini. Nikamwambia aibu ilikuwa yangu mimi, anisamehe, gari linaondoka. Akamfunga Limi mgongoni akanipita kwa mbio, na wengine walipomwona wakatoka.

Tulifika watoto kumi na mmoja na mama zao, tunahema, injini inanguruma tayari. Lakini gari halikuwa likienda popote, kwa sababu Bibi Nshoma alikuwa amesimama mbele yake, mwiko juu, na dereva hakujua afanye nini na bibi wa umri ule.

Nilimweleza afisa kila kitu mbele ya watu. Akamwambia dereva azime gari, akashuka, akaomba mzani uning'inizwe tena. Limi ndiye aliyetangulia. Nyekundu. Wa pili, nyekundu. Kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kusoma zile kadi kwa sauti. Nikamwonyesha na kadi za wale wanene: miezi kadhaa nyuma nao walikuwa chini, uji ndio uliowapandisha. Afisa alichukua kalamu, akaikata taarifa yake yote, akaanza upya.

Lori la unga lilipokuja, vigelegele vilisikika mpaka ziwani. Limi mwenyewe leo ana watoto watatu, na wakubwa wawili wanakunywa uji hapo shuleni kwako.

Kwa hiyo Jumatano usipange mstari wa mashavu. Waonyeshe waliopona, useme hawa wamepona kwa uji huu. Waonyeshe ambao bado, useme hawa wamo njiani, msiwakatishe. Wasomee kadi za zamani na za sasa. Wazazi waseme wenyewe, na usimwonee haya mtoto yeyote, maana ukimficha hesabu ya unga itamruka.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka, akupe wageni wenye masikio, na sufuria ya watoto wako isikose moto. Nami nitakuja. Bibi Nshoma alipoaga dunia aliniachia ule mwiko, nimeshauosha, na kama gari lao litawashwa kabla hamjamaliza kusema, watanikuta barabarani.