Mjusi Tuliyemwita Kenge

Harufu ya maziwa yaliyoungulia kwenye sufuria hunirudisha Oldeani hata nisipotaka. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imechimbiwa nusu kwenye mteremko kama walivyojenga wazee wa Kiiraqw, na ng'ombe wetu Madoa alilala humo humo, kushoto mwa mlango. Nilikuwa nikisinzia huku namsikia akicheua. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Masika yalikuwa yamekolea, na kila asubuhi ukungu ulishuka kutoka Ngorongoro mpaka kwenye mibuni ya mashamba makubwa. Mama alikuwa amefariki akijifungua. Alituachia mtoto wa kiume, mwepesi kama kifaranga, na maziwa ya kumkuza yalikuwa ya Madoa peke yake. Ng'ombe mwingine hatukuwa naye.

Kwa desturi yetu ya zamani, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile huwekwa metimani, yaani hutengwa kwa miezi mingi. Humtembelei mtu wala hutembelewi, huombi moto kwa jirani, na mifugo yako haichangamani na ya wenzako. Baba alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, lakini bibi, mama yake mzazi, alimwambia kwamba Mungu hawezi kumkasirikia mtu kwa kuwalinda majirani zake na msiba. Baba akanywea. Hata mtoto hakubatizwa. Bibi alisema jina atapewa tukishatoka, kwa hiyo tukawa tunamwita Mdogo. Na Madoa hakupelekwa tena joshoni kuogeshwa dawa, maana josho lilikuwa la kijiji kizima. Baba aliomba mara moja ampeleke alfajiri, kabla ya ng'ombe wa watu. Bibi alikataa katakata. Hilo la josho ulishike, msomaji, kwa sababu sisi tulilisahau.

Maziwa yakaanza kupungua. Asubuhi moja, nikizoa mavi, nilimwona mjusi kwenye ufa wa ukuta, karibu kabisa na miguu ya nyuma ya Madoa. Alikuwa mnene, wa kahawia, magamba yake yamepangika vizuri kama vigae, ametulia tuli kana kwamba nyumba ni yake. Niliwaita wakubwa. Bibi aliwajua vinyonga na mijusi ya mawe yenye vichwa vyekundu, lakini huyu hakumjua. Baba akatoka mpaka kwenye ua wa minyaa akamwita jirani yetu, Mzee Mkumbo, kibarua wa kahawa aliyetoka Singida. Mzee Mkumbo hakufungwa na mila zetu, alitaka kuvuka aje amwone mwenyewe, ila baba akamzuia. Basi wakasimama mmoja huku, mmoja kule, na mjusi akatambuliwa kwa masikio. Ana urefu gani? Baba akaonyesha kwa mkono, na mtu mwenye wasiwasi hapimi sawasawa. Mkia mnene? Ndiyo. Anakaa karibu na ng'ombe? Karibu kabisa.

"Huyo ni kenge," Mzee Mkumbo akasema. "Kwetu kenge hunyonya ng'ombe. Muueni."

Loo! Baba alikuwa amewaona kenge kule Baray, wakubwa, wenye shingo ndefu na ulimi wa pacha. Alijua huyu hafanani nao. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na jibu lilikuwa limepatikana bila kuvunja mwiko. Bibi alipopapasa chini ya sikio la Madoa akakuta uvimbe, baba alisema ni mkia wa kenge umemchapa. Wakamuua mjusi kwa mpini wa jembe, wakamchoma, wakaziba nyufa zote kwa udongo na mavi. Jioni ile bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akampakata Mdogo akimwambia kesho atashiba mpaka acheue.

Hakushiba. Madoa alianza kukohoa, akaacha kula, povu likamtoka puani. Baba aligeuza sikio lake, akakuta kupe wamejaa ndani kama mbegu za mbarika. Alisimama pale akiwa amelishika sikio lile.

"Ni ndigana, mama, homa ya kupe," akasema mwishowe. "Hakuna kenge hapa. Ni josho."

Akavuka ua mbio kumtafuta bwana mifugo, mwiko au si mwiko. Aliporudi naye, Madoa alikuwa ameshakufa. Mdogo tulimlisha uji mwembamba, na Mzee Mkumbo alituletea chupa ya maziwa uani kila alipoweza kuipata, ila hakuipata kila siku. Mtoto akanyauka. Alikufa kabla mahindi hayajatoa ndevu, na metimani yetu ikaanza upya. Waswahili husema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Siku ya kumzika mtoto, bibi alikaa chini kwenye matope, akamwambia baba, "Kenge ni mimi." Baba hakumkatalia, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Leo wilaya yetu ya Karatu ina lami na loji kila kona. Josho letu limebomoka, kila mtu anawapulizia ng'ombe wake dawa nyumbani, na vijana wakisikia metimani wanadhani ni jina la mtu. Juzijuzi nilipeleka mboga kwenye loji moja, nikamkuta mjusi yule yule akiota jua juu ya jiwe, wageni wamemwinamia na kamera zao. Kijana anayewatembeza aliniambia anaitwa guruguru, anakula wadudu, na maziwa hana habari nayo. Analo jina la Kiingereza pia, na jingine la wataalamu. Wageni wakayaandika yote. Nilimshukuru, nikaondoka na kapu tupu, moyo mzito. Mwezi uliopita binti yangu alitaka kuweka msalaba wa saruji juu ya kaburi dogo kule chini ya mibuni, akaniuliza aandike nani. Nikamwambia, andika Mdogo.

"Mama, hilo si jina," akasema.

Najua.