Puto la Kwenda Mbesa

Mwanangu nilimwacha Mbesa kwa mama yangu akiwa hajaanza hata kusema vizuri. Ningefanyaje? Biashara zilipoachiwa huru, baba yake alifuata mitumba Dar es Salaam, akanogewa hukohuko. Mimi nikabaki na kazi yangu ya hali ya hewa pale Songea. Kituoni nako watu walikuwa wamepunguzwa, tuliobaki tunapokezana zamu mpaka tunachoka. Kila nikiomba likizo naambiwa subiri. Nilimtamani mtoto yule, nyie! Wa jirani akilia tu, najikuta nimeshasimama.

Kazi yangu ilikuwa kurusha puto la kupimia upepo. Watu mtaani walidhani tunaliongoza. Thubutu! Puto halina usukani. Unachoamua wewe ni gesi tu. Ukilijaza kidogo linapanda polepole, upepo wa chini unalizoa. Ukilijaza sana linapanda mbio mpaka kwenye upepo wa juu, na majira yale upepo wa juu ulikuwa unakwenda mashariki, upande wa Tunduru, huko aliko mwanangu.

Mvua zilipoanza kukatika, barabara bado tope tupu, muuguzi mmoja wa hospitali ya Mbesa alifika mjini kwa shida kuchukua dawa. Akaniletea salamu: mtoto kasikia kwa bibi yake kwamba mama anarusha maputo, anataka atumiwe moja. Nililia mbele ya mgeni wa watu.

Kesho yake nikamwendea mkuu wa kituo. "Mzee, shikamoo. Lile puto lenye mpira uliochakaa, naomba nimrushie mwanangu."

"Likupasukie usoni?" Akacheka. "Haya, mpelekee mtoto. Ila gesi usiifuje."

Nikalijaza mpaka likakaza. Nilipoliachia, likashika njia ya Mshangano. Jamani, huko siko! Nikaliandama kwa darubini. Likapanda, likapanda, halafu likasita, likageuka, likarudi juu ya kituo na kuelekea mashariki. Nikapiga kelele peke yangu uwanjani: "Nenda, mama, nenda!" Likawa nukta, kisha sikuliona tena.

Nilijua fika lingepasuka mbali, kabla ya kufika Mbesa. Kujua hakukunisaidia kitu. Nilimwambia muuguzi: "Ukifika, mwambie mwanangu limeshapita."

Barabara ilipokauka nikapewa likizo, nikadandia lori la mizigo. Mama alinipokea kwa vigelegele. Mtoto alikuwa ameshakua. Aliniamkia shikamoo kwa adabu, kama anavyowaamkia wageni wa hospitali, akajibanza nyuma ya kanga ya bibi yake. Nikatoa biskuti.

"Njoo basi," nikamwambia. "Njoo kwa mama."

Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole juu, upande nilikotoka.

"Mama yangu yuko kule. Ananitumia puto."

Nadhani aliyaona machozi yangu, maana alisogea kidogo, akapokea biskuti, akanitazama kwa huruma.

"Na wewe una mtoto?"