Siku Mama Alipoitwa Huligani

Kama kuna neno la Kiingereza nisilotaka kulisikia tena mpaka niingie kaburini, ni huligani. Kamusi ya shule yetu huko Migwani ilisema ni kijana mkorofi anayefanya fujo na kuharibu mali ya watu. Kijana! Mama yangu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye magoti mabovu na watoto wengi, na kosa lake lilikuwa kuongoza nyimbo za mwethya.

Mwethya, kwetu Ukambani, ni kazi ya pamoja: leo mnachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule. Mwaka huo, katika miaka ya sabini, wanawake walikuwa wakijenga ukuta wa mawe kwenye kijito ili maji ya mvua yasitukimbie yote. Usingemalizika kabla ya mvua ya Novemba, mafuriko yangeubeba. Mama aliutaka ukuta huo kuliko kitu chochote, kwani wakati wa kiangazi kuteka maji kulimmalizia asubuhi nzima, na mgongo uliobeba mtungi ulikuwa wake.

Sheria ya mwethya kila mtu aliijua. Ukikosa bila sababu, wenzako wanakuja kwako wakiimba, wanachukua chombo cha nyumbani, na hukipati mpaka urudi kazini. Hakuna aliyewahi kuliita hilo wizi. Basi mke wa naibu wa chifu alipokosa wiki baada ya wiki, eti mumewe hataki ashike sururu, walimwendea. Jikoni walikuta muthokoi umeiva, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Waliupakua wote kwenye karai, wakaufunika vizuri usiingie nzi, wakaondoka na sufuria.

Naibu wa chifu aliitisha baraza. Alikuwa mtu wa kupenda Kiingereza, hasa mbele ya wasiokijua.

"Hii lokesheni haitaki mahuligani," alisema, akimaanisha kata yetu, "na nyinyi wamama ndio mahuligani namba moja."

Sufuria ilirudishwa siku hiyohiyo. Neno ndilo lililobaki. Hakuna aliyejua maana yake, na hilo linanikera hadi leo, kwamba watu wanaoua nyoka kwa jembe waliogopa neno. Kufikia Jumapili lilikuwa limeingia kanisani, na mzee mmoja wa kanisa akaonya kwamba wake wa waumini wasionekane na mahuligani. Waume wakaanza kuwazuia wake zao. Jirani mmoja alikuja kutuambia kwamba huligani hufungwa Nairobi na harudi. Kwenye ukuta wakabaki wanawake wachache, na mawe hayajibebi.

Mama aliniuliza mimi niliyekuwa shuleni. Nilimsomea kamusi. Alisikiliza hadi mwisho, akaonekana kupata nafuu, akasema basi chifu, kama tulivyomwita naibu, amekosea tu, ataelezwa. Katika baraza lililofuata alisimama, akaomba ruhusa.

"Chifu, naomba kuuliza. Sisi tulivunja nini?"

Watu walitazama viatu vyao, wale waliokuwa navyo.

"Mnaona sasa?" naibu wa chifu aliwaambia. "Huyu ndio huligani. Huyu wa kuulizauliza."

Na watu wakatikisa vichwa kukubali. Watu wazima, ambao mama aliwachimbia matuta mashambani mwao! Nilitaka kulia kwa hasira. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa maana ya neno. Mjane akiuliza mahindi ya msaada yamegawiwa vipi, huligani. Mzazi akiuliza kwa nini darasa halina paa, huligani.

Mvua ilikuta ukuta haujafika kiunoni, ikaubeba wote, na haukujengwa tena. Kiangazi kiliporudi mama alichukua mtungi, akaenda kama zamani, na sikumsikia akiimba tena maishani mwake. Ukipita kwetu leo utapokewa vizuri na watu wenye adabu sana. Ila usiwaombe maji.