Mstari Hutoka na Pumzi

Nakumbuka Jumamosi moja mchana, nyumbani kwa Mama Nekesa kule Makongeni, nilipoharibu foronya nyeupe mbele ya wanawake saba. Nakusimulia kisa hiki, mwanangu, kwa sababu jana nilikuona ukikunjakunja karatasi ya nne uliyochora uso na kuitupa chini ya meza, ukasema mkono wako hauna kipaji. Mkono wako hauna kosa. Hata wangu niliulaumu bure.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Niliishi na dada yangu Nafula katika chumba kimoja. Mama yetu alipofariki, Nafula ndiye aliyenitoa kijijini upande wa Bungoma, akanilea kwa kibarua chake katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo. Sasa alikuwa anaolewa. Wanawake wa kanisa letu walikuwa na desturi yao: kila bibi harusi alitengenezewa shuka jeupe na foronya mbili, vikatariziwa maua kwa nyuzi za rangi. Mmoja alichora, kisha wote wakashona kwa zamu, shuka likihama nyumba hadi nyumba. Walichora kwa biro, maana penseli ilifutika kabla shuka halijamaliza mzunguko. Na biro ikishaingia kwenye kitambaa, mwanangu, haina msamaha.

Niliomba mimi ndiye nichore. Nilitaka dada yangu alalie maua ya mkono wangu. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Basi wakanijaribu kwa foronya. Nikaanza waridi, duara likaenda upande. Nikaona haya, nikapitisha biro juu yake tena, na tena, nikidhani nalinyoosha.

"Haki hii ni maua ama ni kabeji?" akauliza mama mmoja, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, huku machozi yakiwa karibu. Mwingine akasema afadhali shuka lipelekwe kwa fundi wa soko la Gikomba aliyekuwa na vibao vya kugonga maua kwa rangi, yote yakatoka sawasawa. Maneno hayo ndiyo yaliyoniuma.

Mama Nekesa hakucheka. Alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, na ndiye aliyeongoza kwaya yetu, mkali ajabu kwa wachelewaji. Wenzake walipoondoka, alinizuia mlangoni.

"Wewe msichana, ulikuwa unachora ama ulikuwa unapiga mbizi?"

"Nilikuwa nachora, Mama."

"Mimi nimekuangalia. Ukigusa tu kitambaa, unafunga pumzi. Mabega yanapanda mpaka kwa masikio. Sasa mkono utaenda aje, na mwili wote umekazana hivyo?"

Akaniketisha, nyayo zangu zote mbili sakafuni, akaweka kiganja chake mgongoni mwangu. Akaniambia niache kalamu mezani kwanza. Nivute pumzi kwa pua bila kujilazimisha, niisikie inavyoingia na inavyotoka, mara tatu. Ndipo nichukue kalamu na kuchora mstari mmoja tu wakati pumzi inatoka. Ikiisha, niinue mkono, hata kama mstari haujafika mbali. Mawazo yakikimbilia harusi, au yakianza kuuliza ni nani ananitazama, nisigombane nayo. Nirudi tu kuisikiliza pumzi.

"Kwa kwaya kila mtu anajua mahali pa kuvuta pumzi," alisema. "Na wewe ujue mahali pako. Nakupa wiki mbili. Huyo fundi wa Gikomba angoje."

Kila jioni nilikwenda kwake. Alinihifadhia pakiti za karatasi za unga wa ugali, akazipasua, nami nikachora upande wa ndani. Mistari tu! Ya kulala, ya kusimama, ya kupinda, kisha maduara. Hakuna ua hata moja. Siku ya tatu nilichoka, nikajiambia huyu mama ananichezea akili. Nikachora waridi zima harakaharaka na kulificha katikati ya karatasi nyingine.

Alilipata. Akapitisha kidole polepole juu ya mistari yake, akasimama kwenye jani moja. "Hapa hukupumua," akasema. Nilishtuka, maana ndipo hasa niliposikia hatua zake zikija kutoka jikoni. Tangu siku hiyo sikumdanganya tena. Na mistari yenyewe ilianza kunitii. Kufikia mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nikizungusha duara likarudi lilikoanzia, nami nikilitazama kwa raha kama mtu aliyepika chapati ya kwanza ikafura.

Jumapili ilipofika, baada ya ibada, waliunganisha meza mbili katika ukumbi wa kanisa na kutandaza shuka. Nafula alisimama upande wa pili, mikono kifuani. Nikaketi. Pumzi tatu. Waridi la kwanza likatoka zuri, la pili likalishinda. Niliposhuka kwenye shina refu la katikati, mama yule wa kabeji akapiga kelele: "Aki chunga hapo!"

Nikafunga pumzi. Mwanangu, biro ilikuwa juu ya kitambaa, na zamani ningeisukuma tu. Niliiinua. Pakabaki nafasi tupu katikati ya shina, upana wa kidole. Mama Nekesa alivuta pumzi kwa pua, kwa sauti, akaishusha. Nami nikavuta yangu, nikaishusha. Nikafanya hivyo mara tatu, watu wakingoja. Kisha nikaendeleza shina kutoka upande wa pili wa ile nafasi hadi mwisho.

Walipogawana sehemu za kushona, Nafula aliomba ashone lile shina, ingawa bibi harusi kwa kawaida hagusi sindano. Akaweka kidole kwenye ile nafasi.

"Hapa uliogopa," akaniambia.

"Niliogopa sana, dada."

"Lakini hukuharibu. Ulingoja." Akaijaza ile nafasi kwa uzi wa kijani, mishono minne, akilia na kucheka. Lile shuka angali nalo. Limechakaa kila mahali isipokuwa pale, maana alishona kwa kukaza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii ujaribu kwa bidii zaidi. Bidii unayo, na ndiyo inayokubana mabega. Kesho kaa vizuri, weka nyayo chini, sikiliza pumzi tatu kabla hujagusa penseli. Chora mstari mmoja inapotoka. Anza na mistari, uje kwenye maduara, nyuso zitafuata zenyewe. Na hofu ikikukamata katikati, inua mkono, upumue, uanzie upande wa pili. Usiitupe karatasi. Acha nafasi, mtu anayekupenda ataijaza, na huenda mtu huyo akawa wewe mwenyewe.

Mungu akulegeze mabega, akufungue kifua, na kila mstari utakaouanza akufikishe nao mwisho wake.