Jalada la Evodia

Fabian wa masjala alimfungulia binti yake jalada wiki ile ile alipozaliwa. Sitanii. Jalada la kijani, kama yale ya ofisini, limeandikwa EVODIA kwa herufi kubwa. Folio ya kwanza kadi ya kliniki, ya pili cheti cha ubatizo, kisha ripoti za shule zote, kila karatasi na namba yake kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu. Mkewe, Anyesi, alikuwa akisema watoto wa wenzake wananunuliwa viatu, wa kwake anatobolewa karatasi.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika idara hiyo hiyo ya serikali hapa Dodoma, meza yangu ikitazamana na dirisha la masjala. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinisimulia Fabian mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kukaa na jambo kifuani zaidi ya dakika kumi.

Alikuwa mzaliwa wa Busi, kule Kondoa, kidato cha nne na cheti cha ukarani. Miaka ya tisini, wafanyakazi walipopunguzwa, yeye alibaki, lakini bosi mmoja mgeni aliinua cheti chake mbele yetu sote, akauliza hicho chuo kiko wapi, akacheka. Fabian naye akacheka. Kicheko kile kilimuuma miaka na miaka, na mimi mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Ndiyo maana mwaka 2004, intaneti ilipofika mjini na kijana wa kafe akamwonyesha orodha ya vyuo vikuu mia tano bora duniani, Fabian aliichapisha yote na kurudi ofisini ameikumbatia kama hati ya kiwanja. Evodia alikuwa amemaliza kidato cha sita na ana barua mbili mkononi. Ya kwanza ilitoka chuo cha Ulaya, cha hamsini na nane kwenye orodha, na ufadhili kamili, ila ufadhili wenyewe ulikuwa wa kusomea biashara tu. Ya pili ilitoka chuo cha hapa hapa nchini, kusomea udongo na hifadhi ya ardhi.

Fabian akakitafuta hicho cha nchini kwenye orodha, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

"Anastazia, hakipo! Mia tano zote, hakipo!"

"Na hao walioandika orodha, Mzee Fabian, wamewahi kufika Busi?"

Alijua ninachosema. Nyuma ya nyumba ya mama yake kule Busi kuna korongo, na kila masika linakula kipande cha shamba. Mwaka uliotangulia lilikula jiko. Evodia alikuwa ameliona likipanuka tangu mdogo, na hakutaka kusoma kitu kingine.

Ulaya walitaka jibu kwa faksi kabla ya Ijumaa. Jumatatu Fabian akanipa barua ya kukubali, niipige chapa. Nikaipiga, lakini kwa hasira, mpaka herufi o zikatoboa karatasi. Ilibaki saini ya Evodia.

Jumatano binti akaja ofisini, akatuamkia sote wawili. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akaisoma barua yote, akaiweka mezani taratibu.

"Ukisema nisaini, baba, nasaini. Lakini nitakuwa nasoma hesabu za makampuni huku nawaza jiko la bibi."

Fabian akajikuna kichwa. "Njoo kesho. Nitakuonyesha kwa ushahidi jina la chuo linavyombeba mtu."

Ushahidi! Siku ile nzima alitoa majalada ya watumishi kwenye kabati, akidai anakagua namba. Nikamwambia hayo si ya kufanyia utafiti wa nyumbani. Akanikazia macho, akaendelea. Akaanza na la Octavian, mhandisi wetu aliyesoma chuo kikubwa cha nje, akitafuta jina la chuo lilivyomsaidia. Tusidanganyane, lilimsaidia: ajira alipata haraka, na cheo cha kuanzia kilikuwa kizuri. Jina lilikuwepo folio ya pili na ya nne. Baada ya hapo Fabian akafunua mpaka folio ya mia moja na sita, halikutajwa tena. Zilikuwepo barua za vijiji kuhusu visima, moja kutoka Chemba ikimshukuru, nyingine ikimlaumu vikali.

Akachukua la Gaudence, mhandisi mwenzake, aliyesoma chuo ambacho hakuna mtu anakijua. Kazi ilimchelewea miaka miwili, masikini. Chuo kilitajwa folio ya pili na ya tano. Kisha visima, likizo, misiba, visima.

La tatu lilikuwa lake mwenyewe. Karatasi zote humo alizitia kwa mkono wake, lakini jicho lilikuwa kwenye namba tu, hakuwahi kukaa akazisoma kwa mfululizo. Cheti kilichochekwa kilikuwa folio ya tatu. Akafunua, akafunua, kisha akasimamisha kidole kwenye karatasi moja. Nikanyanyuka kwenda kuona. Ilikuwa tathmini ya zamani, mwandiko wa bosi yule yule aliyecheka: "Tangu nifike, masjala haijapoteza hata jalada moja. Huyu asipunguzwe."

"Nilidhani nilipona kwa bahati," Fabian alisema. Akatoa leso, akajifuta uso wote, na mimi nikarudi mezani kwangu kujifanya nina kazi.

Alhamisi Evodia alikuja, ameshika kalamu yake mwenyewe. Barua ya Ulaya haikuwepo mezani. Lilikuwepo jalada la kijani. Orodha ya vyuo Fabian alikuwa ameitia folio ya arobaini na moja, kwa sababu karani wa masjala hachomoi karatasi, na chini yake ameandika dokezo kwa mkono: "Imesomwa. Mwenye jalada aamue."

Akamsogezea daftari la kutolea majalada. "Saini hapa kwamba umelipokea. Kuanzia leo unalitunza wewe."

Binti akasaini, machozi yakidondokea daftari. Ukurasa huo una alama ya maji mpaka leo.

Alikwenda kusomea udongo. Ulaya ilipata mtu mwingine, naye naamini anaendelea vizuri. Mwaka Fabian alipostaafu, Evodia alikwenda nyumbani kwake Mkonze na lile jalada, akamwomba aandike namba kwenye karatasi ya mwisho kwa wino wake mwekundu. Ilikuwa picha ya korongo la Busi limejaa majani mpaka ukingoni, na bibi amesimama mlangoni mwa jiko jipya. Fabian aliandika tisini na tatu.