Uso Usioruhusiwa Kukauka

Nyumbani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, Jumapili haikuanza kwa sala. Ilianza kwa kopo la mafuta. Mama alitupanga mlangoni, mimi na wadogo zangu watatu, akachota mafuta kwa vidole viwili na kutusugua usoni, masikioni na shingoni mpaka tung'ae. Kwa watu wetu wa Kivu ya Kusini, kule Kongo, mtoto anayetoka nje na ngozi kavu anamtia mama yake aibu. Kijijini ilikuwa hivyo, na kambini, ambako kila mtu anatazama nani amechakaa, ilizidi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ngozi yangu haikuhitaji mafuta ya mtu. Ilijitengenezea yenyewe asubuhi na jioni, kwa bidii ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona. Chunusi zilinijaa kwenye paji la uso na mashavuni, nyingine zimeiva usaha, nyingine ngumu, zinauma ukilalia upande. Niliosha uso kwa sabuni ya kufulia mara nne kwa siku, hadi mdogo wangu wa kike akanishtaki kwamba namaliza maji aliyoyabeba kichwani. Nilimkasirikia kila mwenye mashavu laini. Hata mchungaji nilimchukia.

"Mama, ku uso uniache leo," nilimwambia Jumapili moja.

"Nikuache mukavu? Batu baseme hauna mama?"

"Mafuta ndiyo inaongeza haya mapele."

"Ni ukavu unaleta mapele, mutoto wangu. Inama."

Niliinama. Alinipaka mara mbili ya siku zote.

Mwaka huo familia yetu ilikuwa imechaguliwa kupelekwa kuishi ng'ambo. Mahojiano yalikwisha, tukawa tunasubiri siku ya daktari tu. Mtaa mzima ulijua kwamba safari za watu hukwama hapo. Jirani wa nyumba ya tatu alisimamishwa miezi mingi kwa sababu ya kikohozi cha mwanawe. Basi, siku moja baada ya ibada, shemasi alinikagua usoni kama mtu anayenunua mbuzi, akamwambia mama mbele yangu:

"Huyu mutoto mumutengeneze mbele ya siku ya munganga. Na hii sura, batasema ni ugonjwa. Mutabaki hapa wote."

Tangu hapo sikuwa na raha. Watu watano wabaki Nakivale kwa ajili ya mashavu yangu!

Mama alipokwenda mjini Mbarara kuuza maharage, nilifuatana naye kumbebea gunia. Alipoanza kubishana na wateja nilichomoka, pesa niliyopata kwa kuwalimia watu kule Ngarama ikiwa ndani ya soksi, nikaingia duka la vipodozi. Muuzaji alikuwa mke wa askari wa kambi ya jeshi. Sare ya mumewe ilikuwa imeanikwa mlango wa nyuma.

"Wewe nataka nini, ssebo?" aliuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, akiniita bwana kwa lugha ya kwao.

"Dawa ya chunusi. Ya dada yangu."

Alicheka mpaka akashika meza. "Dada yako iko na hii uso yako? Haya, chukua hii. Wiki moja tu, yote naisha. Lakini paka kidogo kidogo."

Ilikuwa tyubu ndogo yenye picha ya mwanamke aliyetakata kupita kiasi. Ile "kidogo kidogo" niliiacha palepale dukani. Nilipaka asubuhi na jioni nyuma ya choo, nikiikamua kwa pupa.

Siku ya tano chunusi zilinywea. Wiki ya pili uso ulikuwa laini na mweupe kuliko shingo yangu. Mama alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akaita majirani.

"Muone! Si nilisema? Ni mafuta yangu!"

Sijui kama nimewahi kumwona na furaha ya namna ile tangu tuvuke mpaka. Wanawake wawili walikuja kuuliza mafuta gani hayo, naye hakuwatajia jina tu, aliwachotea kwenye vikombe. Nilikuwa mwoga, na nilikuwa napendeza kwa mara ya kwanza. Vyote viwili vilinifunga mdomo.

Tyubu ikaisha wiki tatu kabla ya siku ya daktari, na sikuwa na pesa ya nyingine. Uso ukaanza kuwaka. Chunusi zikarudi na wenzao, nyekundu, zikishuka mpaka kidevuni, na ngozi ikawa inachubuka nikiigusa. Mama alichanganyikiwa.

"Imerudi sababu nilipunguza," alisema. Akawa ananipaka mara tatu kwa siku. Kila alipofungua lile kopo nilitaka kusema ukweli, na kila mara niliinama tu.

Siku yenyewe basi lilituchukua alfajiri kwenda Mbarara. Ile tyubu tupu ilikuwa mfukoni. Nilitumaini kupata upenyo wa kukimbilia lile duka na kumwomba yule muuzaji anikopeshe nyingine. Upenyo haukupatikana.

Wadogo zangu walipita bila shida. Daktari, mwanamke wa hapohapo Uganda, alinitazama, akavaa glavu, akanigeuza huku na huku. Akauliza jambo kwa Kiingereza. Mkalimani, Mkongomani mwenzetu, akamgeukia mama.

"Munganga anauliza, anapakaa nini ku uso?"

"Ni miye," mama alisema haraka. "Ni mafuta yangu. Yeye alikataa, miye nikamulazimisha. Kama ni kosa, muandike ku jina yangu. Musizuie batoto."

Akatoa kopo kwenye mkoba, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Daktari alifungua, akanusa, akatikisa kichwa, akachukua kalamu.

Niliitazama ile kalamu. Niliona aibu iliyowaka kuliko uso wenyewe. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaweka tyubu kando ya kopo.

Daktari aliyasoma maandishi ya tyubu, akapumua kwa nguvu. Alieleza kwamba ndani yake mna dawa kali: ukiipaka, chunusi zinatulia na ngozi inatakata, ukiacha ghafla zinarudi kwa fujo. Itachukua miezi kupoa. Niache kila kitu, nioshe kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, na mafuta mazito yasiguse uso wangu tena. Haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Akaandika, akagonga muhuri. Safari yetu haikuguswa.

Nje tulikaa kwenye benchi kungoja basi. Mama alikuwa amelipakata kopo, akifungua kifuniko na kukifunga. Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani.

"Zile siku ulitakata," alisema bila kunitazama, "haikukuwa mafuta yangu?"

"Hapana, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akawaita wadogo zangu mmoja mmoja, akawapaka, maana vumbi la mjini lilikuwa limewakausha. Ilipofika zamu yangu niliinama kwa mazoea, nikafumba macho. Alinishika mikono, akanipaka mpaka kwenye viwiko, akafunga kopo.