Neno jingine la "home"

Jamani, leo mjukuu wangu kaniliza kwa swali la Kiingereza.

"Bibi, nipe neno jingine lenye maana ya home."

Nikamwambia "house". Akasema hilo analo tayari.

Nilimkumbuka mama.

Miaka ile ya sabini tulipokimbia Burundi tukapata kishamba huku Kasulu, mama alipanda maharage na viazi tu. Migomba aliikataa katakata.

"Mgomba unapandwa nyumbani," alisema. "Sisi tunarudi."

Majirani zetu Waha walimshangaa. Mji gani huo usio na hata mgomba mmoja?

Kisha baba akaugua kifua, akafariki. Tukamzika nyuma ya nyumba.

Asubuhi yake mama alikwenda kwa jirani kuomba miche ya migomba. Akaipanda kuzunguka kaburi, peke yake, hakutaka kusaidiwa. Habari ya kurudi hakuitaja tena mpaka anakufa.

Sasa mjukuu kakaa hapa na kalamu yake.

"Bibi, umelipata?"

Nimelipata. Lakini ninyi wenzangu, mtoto wa darasa la nne nitamwambiaje aandike "kaburi"?